Walezi wa Uzima: Watumishi wa Afya wa Gisenyi na Mafunzo Yao

Mji wa Gisenyi umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Goma, na kituo cha afya cha huko, kama vituo vyote vya Rwanda, huitwa kwa Kinyarwanda ikigo nderabuzima. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kulifumbua jina hili. Kurera ni kulea, na ubuzima ni uzima. Jina lote lasema kuwa hapa ni mahali panapolea uzima. Twalipenda jina hili kuliko hili letu la kituo cha afya, maana letu lataja mahali tu, na la wenzetu lataja kazi. Lakini kuta hazilei mtu. Palipo na ulezi pana mlezi, naye huyo mlezi alichaguliwa na mtu fulani, akafundishwa mambo fulani kwa lugha fulani, na akalipwa, au hakulipwa. Hayo ndiyo tunayotaka kuyafuata katika makala haya, tangu enzi ya Wadachi hata siku zetu.

Hapana budi tuanze na jambo moja ambalo wasomaji wengi wa Pwani hawalijui: Gisenyi ni mji wa Kiswahili tangu zamani. Lugha hii iliingia pamoja na askari, wapagazi na wafanyabiashara wakati wa utawala wa Kijerumani, ikakaa mjini na sokoni, na ikapata nguvu kwa kupakana na Wakongo wa Goma. Wamisionari wa Kikatoliki walikwisha kufungua misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Mjerumani wa kwanza kuwa mwakilishi wa serikali yake katika Rwanda, Richard Kandt, aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, alikuwa daktari kwa masomo yake. Ila hakuja kuganga, alikuja kutafuta chanzo cha mto Nili, na baadaye akashikwa na kazi za utawala. Twalitaja hili kwa kupita tu. Lakini lina maana yake: daktari alikuwapo, na kituo cha kulea uzima wa watu hakikuwapo.

Wabelgiji walipoishika nchi mwaka 1916 na kuitawala baadaye pamoja na Burundi, waliona haraka kwamba madaktari wa Ulaya hawatoshi wala hawatatosha. Shule ya Astrida, mji uitwao siku hizi Huye, ilianzishwa mwaka 1929 chini ya Mabradha wa Upendo kutoka Ubelgiji, ikafungua madarasa mwaka 1932. Humo vijana wa Rwanda na Burundi walifunzwa uandishi wa serikali, kilimo, utabibu wa mifugo, na kazi ya usaidizi wa daktari. Huyu msaidizi wa daktari aliweza kufanya mengi, na mara nyingi aliachiwa hospitali nzima mikononi mwake. Lakini cheti chake kilimwambia kwamba yeye ni msaidizi na kwamba atakufa msaidizi. Katika Tanganyika ya Waingereza mambo yalikuwa hayo hayo kwa jina jingine. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na dresa wa vijijini, aliyefundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kugawa dawa chache, akalipwa na serikali ya mtemi. Neno dresa lenyewe latueleza upana wa mafunzo yake: ni mfunga vidonda. Wazee wetu walimheshimu dresa kuliko walivyomheshimu karani, na walikuwa na haki, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962, Rwanda ilifanya jambo la fahari: mwaka uliofuata ilifungua Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, na utabibu ukawa miongoni mwa masomo yake ya kwanza kabisa. Hakuna anayeweza kulilaumu taifa changa kwa kutaka madaktari wake lenyewe. Hata hivyo daktari mmoja huchukua miaka mingi kumpika, na akiisha kuiva hutaka hospitali yenye maabara na chumba cha upasuaji. Mama wa kijijini mwenye mtoto anayehema kwa shida hakufikiwa na fahari hiyo.

Majirani wa mashariki walijaribu njia nyingine. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilielekeza fedha zake kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, ikafundisha waganga wasaidizi wa vijijini kwa wingi, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vitabu vya Kiswahili, ambamo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Uchina nayo ilikuwa na madaktari peku wake, wakulima waliofundishwa miezi michache na kurudi mashambani. Mwezi Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kuyatamka haya kuwa shabaha ya dunia nzima: afya ya msingi kwa kila mtu, ikitolewa pia na mtu wa kijiji kwa watu wa kijiji chake. Hoja iliyozuka baada ya hapo haijakwisha mpaka leo, nayo ni hii: Je, mtu aliyefundishwa kidogo ni afadhali kuliko kukosa mtu, au ni hatari kuliko kukosa mtu?

Gisenyi ilipewa jibu, na lilikuwa jibu chungu.

Mwaka 1994 yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Madaktari na wauguzi waliuawa, wengine walikimbia, na wengine, ni aibu kuyasema, walikuwa miongoni mwa wauaji. Katikati ya mwezi wa Julai, serikali iliyoongoza mauaji ilipokuwa ikishindwa, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wa Gisenyi kuingia Goma kwa muda wa siku chache tu. Huko ardhi ni mawe ya volkano, hayachimbiki choo wala kaburi, na maji yalikuwa ni ya ziwani. Kipindupindu kikaingia. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, kwa kipindupindu na kuhara damu na maradhi mengine yaliyofuata.

Wengi wakumbuka picha za maiti zilizozungushiwa mikeka kando ya barabara, na husadiki kwamba watu wale walikufa kwa kukosa madaktari. Ukweli ni mwingine. Mashirika ya misaada yalifika kwa wingi, na madaktari na wauguzi kutoka nchi tajiri walikuwapo, na hema za matibabu zilisimamishwa. Lakini kundi la wataalamu wa Dhaka, Bangladesh, nchi ambayo kipindupindu ni mgeni wake wa kila mwaka, lilifika Goma na kutazama kazi ile, na mwaka 1995 likaandika katika jarida la Lancet sababu za vituo vile kushindwa kuzuia vifo. Wagonjwa walirudishiwa maji mwilini polepole mno. Maji ya chumvi na sukari ya kunywa yalitumiwa kidogo mno. Maji ya mshipani hayakuwa ya aina ifaayo. Na watumishi wenyewe hawakuwa na uzoefu wa kumtibu mgonjwa mahututi wa kipindupindu. Yafaa tueleze maana yake. Mtu mzima wa kilo 60, aliyekaukiwa kabisa, anahitaji lita zipatazo 6 ndani ya saa 3, na karibu lita 2 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Muuguzi aliyezoea hospitali ya Ulaya, ambako maji ya mshipani hutiririshwa kwa tone moja moja, akimwekea mgonjwa huyo lita 1 na kwenda kumhudumia mwingine, atarudi na kukuta maiti. Hakuwa mzembe. Alikuwa na cheti kikubwa, lakini cheti chake hakikuwa cha ugonjwa ule.

Tumelikalia jambo hili kwa sababu linaigeuza ile hoja ya Alma-Ata. Swali halikuwa wingi wa elimu au uchache wake. Swali lilikuwa: elimu ya nini?

Mwaka 1995, katika nchi iliyobaki na watumishi wachache mno, Wizara ya Afya ya Rwanda ilianza na wanavijiji wapatao 12,000. Waliitwa abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya. Hapa tena twaomba msomaji atuvumilie tulitazame neno. Kujya ni kwenda, na inama ni shauri, au mkutano. Umujyanama ni mtu wa kwenda naye shauri. Hakuitwa msaidizi wa mtu, wala hakutajwa kwa kidonda anachokifunga. Aliitwa kwa uhusiano wake na jirani zake. Na jirani hao ndio waliomchagua, mkutanoni, sharti lao kubwa likiwa kwamba awe mtu wanayemwamini na awe anajua kusoma na kuandika.

Katika mwezi wa Novemba 1996 mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi kutoka Goma kwa siku chache, kwa mguu, wakipita Gisenyi, na miaka miwili iliyofuata nchi ile ya kaskazini-magharibi haikuwa na usalama. Ilikuwa kazi ngumu kujenga imani ya jirani kwa jirani mahali hapo. Kwa miaka mingi idadi ya washauri iliendelea kuongezeka hata wakafika 45,000 hivi: watatu kwa kila kijiji, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa maradhi ya jumla, na mwanamke mwingine kwa habari za wajawazito na watoto wachanga. Kuanzia mwaka 2008 walikabidhiwa dawa za kutibu watoto wa chini ya miaka mitano kwa maradhi matatu yauayo zaidi: malaria, kuhara, na homa ya mapafu.

Hebu tutazame jinsi mtu asiyekuwa na cheti alivyofundishwa kuitambua homa ya mapafu, ambayo daktari huitambua kwa kifaa cha kusikilizia kifua na kwa eksirei. Alifundishwa kuhesabu. Mtoto hutulizwa mapajani mwa mama yake, nguo hufunuliwa, na mshauri hutazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akihema mara 50 au zaidi, anaumwa. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi. Kama kifua chabonyea kwa ndani, mshauri asimtibu, ampeleke kituoni upesi. Malaria ina kipimo cha tone la damu. Utapiamlo una utepe wa rangi unaozungushwa mkononi mwa mtoto. Mafunzo haya ni mafupi, lakini si mepesi, na uzito wake mkubwa haumo katika kutoa dawa. Umo katika kujua mpaka: hapa nafanya, hapa sifanyi, natuma. Wale wa Goma wa mwaka 1994 walikuwa na elimu pana isiyofika mahali penye kidonda. Huyu alipewa elimu nyembamba, nayo ilifika.

Tunayo matokeo katika hesabu za taifa. Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 76. Katika uchunguzi wa miaka ya 2019 na 2020 walikuwa 45. Hatudai kwamba yote yalifanywa na washauri wa afya. Vyandarua vilikuwapo, chanjo zilikuwapo, na bima ya afya ya jamii, ambayo watu huiita mutuweli, iliwafungulia wengi mlango wa kituo. Lakini dawa isiyopelekwa haitibu, na aliyeipeleka ni yeye.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha, ambalo wataalamu wa afya hulipita kimya. Mshauri wa afya alifundishwa kwa Kinyarwanda. Kila neno la somo lake lilikuwa neno aliloweza kulirudia kwa jirani yake jioni ile ile. Mwuguzi hakupata bahati hiyo. Wauguzi wengi wa vituo vya afya walikuwa wa daraja la A2, yaani waliojifunza kazi katika shule za sekondari, na waliisoma kwa Kifaransa. Mwaka 2007 serikali iliyafunga mafunzo ya A2, ikataka kila mwuguzi awe na A1, elimu ya miaka mitatu baada ya sekondari, na vyuo vya Byumba, Kabgayi, Kibungo, Nyagatare na Rwamagana vikapewa kazi hiyo. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 2008 baraza la mawaziri likaamua kuwa Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia. Mwuguzi wa A2 aliyetaka kupanda daraja, mtu wa makamo, mwenye zamu za usiku na watoto nyumbani, alitakiwa kujifunza upya habari za moyo na figo kwa lugha ambayo hakuwahi kuisoma barabara. Mwaka 2012 wakaja maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, katika mpango uliokusudiwa kudumu miaka saba, kufundisha madaktari na wauguzi pamoja na wenzao Wanyarwanda. Nao pia kwa Kiingereza. Twaungama kwamba elimu ya juu ya utabibu yahitaji lugha yenye vitabu. Hata hivyo twauliza kama mtihani ule ulipima uuguzi au ulipima Kiingereza.

Kisha ulikuja mwaka 2019, na mpaka ule ule. Ebola ilikuwa imezuka Kivu ya Kaskazini tangu Agosti 1, 2018. Julai 14, 2019 mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Goma, si mbali na hospitali ya Gisenyi. Siku zile makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kwenye Petite Barrière, wengi wao wanawake wenye mizigo ya mboga na vitenge. Mpaka ulifungwa kwa saa chache Agosti 1, ukafunguliwa tena. Maana watu wa miji ile miwili hula chungu kimoja. Lakini safari hii palikuwa na watu waliofundishwa ugonjwa wenyewe kabla haujafika. Watumishi wa afya wa mpakani walianza kuchanjwa mwezi Aprili 2019. Kituo cha kutibu Ebola kilikuwa tayari Rugerero, wilayani Rubavu. Wavukao walinawa mikono na kupimwa joto mmoja mmoja, na vijijini washauri waliulizia kila mgeni aliyelala kwa jirani. Desemba 8, 2019 ikaanza kampeni ya chanjo ya dozi mbili katika Rubavu na Rusizi, iliyolengwa kwa watu 200,000. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa Kongo. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja.

Wale waliosimama mpakani walisema Kiswahili siku kutwa, maana ndiyo lugha ya kuvukia. Hakuna aliyewafundisha Kiswahili cha kazi yao. Na hatari ya lugha pale si ya kubuni. Katika Goma munganga ni daktari wa hospitali. Kwa mtu wa Dar es Salaam, mganga aweza kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na aweza kuwa mzee mwenye hirizi na mizizi. Bango lililoandikwa kwa Kiswahili cha Pwani likiwaonya watu wasikimbilie kwa waganga, likibandikwa Goma, litawakataza kwenda hospitali. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini orodha ya maneno ya mpakani, inayosema jinsi ya kumwuliza mtu kama aligusa maiti au kama mkojo wake una damu bila kumtisha wala kumtukana, hatujaiona.

Imebaki habari ya malipo, na hii hatutaipamba. Mshauri wa afya hana mshahara wa mwezi kama mwuguzi. Hupata sehemu ya fedha zitolewazo kwa kadiri ya kazi zilizofanyika, na sehemu kubwa ya fedha hizo huingia katika mtaji wa chama chao cha ushirika kwenye kituo cha afya. Vyama vingine vina mifugo na vinu, na vyastawi. Lakini usiku mtoto anapoletwa, chama hakiamki. Anaamka yeye, na asubuhi aende shambani. Ilipozuka homa ya Marburg nchini Septemba 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafa, na wengi wa waliougua walikuwa ni watumishi wa afya, hasa wa hospitali za Kigali. Kila daraja la kazi hii hulipa kwa namna yake.

Mwaka 2021 shule za sekondari zilianza tena kupokea wanafunzi wa uuguzi, kwa daraja linalofanana sana na lile la A2 lililofungwa mwaka 2007, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba yataka idadi ya watumishi wa afya iongezeke mara nne ndani ya miaka minne. Wale wa mwanzo wamekwisha kumaliza masomo yao. Waliyasoma kwa Kiingereza, nao watakaopangiwa Gisenyi watakutana na mgonjwa wao wa kwanza kutoka Goma, ambaye atawaita munganga.